Mfano Nilioutoa Jumamosi Ile

Nilianza kusoma saikolojia nikiwa na miaka arobaini na mbili, mjane, mwalimu wa darasa la tano katika shule ya msingi karibu na Minjila. Sikuwa nimepanga. Mwalimu mkuu aliniita ofisini asubuhi moja akaniambia kuwa kuanzia muhula ule ningekuwa mwalimu wa ushauri nasaha. "Una sauti ya upole," akasema. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yangu yote. Akanipa ufunguo wa stoo ya majembe na mipira, nikaingiza meza moja na viti viwili, nikangoja watoto.

Wa kwanza walikuja na mambo niliyoyamudu. Huyu kaibiwa kalamu, yule anachekwa kwa sababu ya viatu, mwingine anaumwa tumbo kila siku ya hesabu. Kisha akaja msichana wa darasa langu mwenyewe.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kwao ni Chara, lakini baada ya mafuriko ya mwaka uliotangulia wazazi wake walipanga chumba Garsen, na yeye akaletwa kwetu. Darasani yeye peke yake ndiye hakubeba begi. Vitabu alivikumbatia kifuani, hata siku za mvua. Maswali hakujibu. Nilimwita stoo mara tatu, na mara zote tatu tulikaa tukisikiliza wenzake wakicheza nje mpaka kengele ikalia akaenda zake. Mara ya nne alisema bila kuulizwa.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyemwachia."

Alinieleza polepole, macho yake kwenye mpini wa jembe uliokuwa kando ya kiti changu. Maji yalikuwa yamewafikia alfajiri. Kulipokucha wakapanda mtumbwi, watu sita na vitu walivyoweza kuokoa, wakaelekea kwenye tuta. Yeye alikaa nyuma. Mkono mmoja alishika begi, wa pili alimshika mdogo wake wa miaka mitatu. Mtumbwi uligonga kisiki kilichozama, ukalala upande, wote wakaingia majini. Mtu mmoja akamdaka yeye kwa nguo akimvuta arudi juu.

"Nilivuta begi," aliniambia. "Ule mkono mwingine nikaufungua."

Akavikumbatia tena vitabu vyake.

"Watu wote wanasema maji yalimnyang'anya. Hayakumnyang'anya. Niliufungua mimi. Ni dhambi, mwalimu?"

"Wewe bado mtoto," nikamwambia. Nilitafuta neno jingine sikulipata. Nikamwambia tena, "Bado u mtoto."

Alitikisa kichwa kama anayekubali, adabu tu. Alipofika mlangoni akageuka. "Usimwambie mama."

"Sitamwambia."

Jioni hiyo nilikaa kwenye kibaraza cha nyumba yangu ya walimu nikaona aibu. Mtoto amebeba jambo zito hivyo mwaka mzima, kanifikia, na mimi nimempa maneno mawili. Mwezi uliofuata nilijiandikisha katika chuo kinachofundisha kwa masafa, shahada ya saikolojia na ushauri. Nasema hivi ili ijulikane kwamba nilianza kwa nia njema. Nia hiyo haikumsaidia mtoto yule, lakini ilikuwapo.

*

Garsen tulikuwa wanafunzi watatu wa chuo kile. Wa pili alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Bangale, mtu mrefu mwenye kupenda ubishi, ambaye mji mzima ulimwita daktari, na mimi pia nikamwita hivyo. Wa tatu alikuwa mama mwenye duka la fotokopi, rika langu, mwenye maneno machache na mwandiko mzuri kuliko sisi sote. Yeye ndiye aliyetuchapia maandishi ya masomo, na baada ya muda akatukaribisha tusomee chumba cha nyuma cha duka lake, kila Jumamosi alasiri. Palikuwa na feni iliyolia, marundo ya karatasi, na harufu ya wino wa moto.

Sijui nizieleze vipi Jumamosi zile kwa mtu ambaye hajawahi kukaa peke yake muda mrefu. Mume wangu alikuwa ameaga dunia miaka mitano nyuma. Binti yangu yuko Mombasa chuoni. Mimi si mtu wa Garsen. Nililetwa na uhamisho wa kazi kutoka bara ya Kilifi, na majirani walinistahi kama mwalimu, wakanisalimu vizuri, wakapita. Tangu mume wangu afariki hakuna aliyekuwa amenibishia jambo lolote. Watoto hawabishani na mwalimu, na walimu wenzangu tulizungumza mambo ya zamu na chaki. Ghafla nikawa na watu wawili wa kuniambia, "Hapana, hapo umekosea, hebu rudia." Ijumaa nilikuwa nafua leso nitakayojifunga kesho yake.

Katikati ya muhula wa kwanza tulifika kwenye somo la masuala na mijadala mikuu ya saikolojia. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na kwa kuwa sote watatu Kiingereza chetu kilikuwa cha darasani, kazi ya kwanza ilikuwa kuyageuza yazungumzike. Tulikubaliana mapema juu ya maumbile na malezi. Tulibishana siku nzima kama tuseme "utashi huru" au "hiari" tu. Daktari alitaka neno lenye uzito, mimi nilitaka neno ambalo mtoto angeelewa. Mama wa duka akamaliza kwa kuandika yote mawili.

Kwa kila mjadala daktari alitugawia pande. "Haiwezekani wote tuwe upande mmoja," alisema, "mtahini anataka kuona tumetazama pande zote." Wiki ya maumbile na malezi alishika malezi, akatupiga vibaya. Alisema mtoto wa mfugaji anajua ng'ombe aliyepotea kwa unyayo si kwa sababu ya damu, bali kwa sababu alipigwa alipompoteza wa kwanza. Wiki iliyofuata tuliuliza kama jambo la mtu lieleweke kwa kulivunja vipande vidogo, ubongo, kemikali, tabia moja moja, au litazamwe zima. Mama wa duka akasema, kwa sauti yake ya chini, kwamba hata mashine yake ikiharibika fundi huifungua, lakini hakuna aliyewahi kuijua Garsen kwa kumfungua mtu mmoja. Tulicheka sana. Yeye mwenyewe alishangaa kwamba tumecheka.

Kisha ikaja wiki ya hiari na shuruti.

Daktari alishika shuruti. Alidai kila tendo lina chanzo nyuma yake, na chanzo kina chanzo, mpaka mtu anapofungua mdomo mambo yalikwisha kuamuliwa zamani. "Mgonjwa wa malaria akipanda homa akamtukana mama yake, ni yeye aliyetukana?" Mimi nilikuwa upande wa hiari, na nilikuwa nashindwa. Kila nilichosema alikipeleka nyuma hatua moja. Maandishi yalikuwa yamesisitiza kwamba jibu zuri linahitaji mfano. Nami mfano nilikuwa nao.

"Nitawapa jambo la kweli," nikasema. "Silitaji jina. Mtoto mmoja, mafuriko yale."

Nikasimulia. Mtumbwi, kisiki, begi mkono huu, mdogo wake mkono ule. Nilisimulia vizuri, kama ninavyosomea darasa hadithi. Nilipofika pale aliposema "nikaufungua," kalamu ya mama wa duka ilisimama juu ya karatasi. Niliona. Nilidhani ameguswa, nikaongeza neno.

Daktari alilirukia jambo lile kwa hamu. Alisema mkono wa mtu anayezama haumsikilizi mwenyewe, hushika kilicho chepesi. Mimi nikasema mtoto mwenyewe anajua kwamba alichagua, na kujua kwake ni ushahidi. Yeye akajibu kwamba majuto huja baadaye na kutengeneza uchaguzi ambao haukuwapo. Tulizungumza juu ya mkono wa mtoto yule nusu saa nzima. Mama wa duka alitoka kwenda kumhudumia mteja mbele, na hakurudi kukaa. Tulipoaga, daktari akaniambia, "Mwalimu, leo umetusomesha."

Nilirudi Minjila jua likiwa bado kali. Nimejilazimisha kuandika ukweli, kwa hiyo naandika hili pia: nilirudi nikiwa na furaha.

*

Jumanne, kabla ya kipindi cha pili, mama wa msichana alikuja shuleni. Nilimwona amesimama nje ya stoo, kajitanda leso, viatu vyake vina tope la njia. Nikamkaribisha kiti. Hakukaa.

"Mwalimu, wifi yangu amekuja kwangu juzi," akasema. "Ameniuliza mtoto anaendeleaje. Nikamwambia anaendelea vizuri. Akaniuliza tena, huku analia. Nikamwambia, wewe unalilia nini?"

Nilikuwa sijaelewa. Sikuwa najua wifi yake ni nani.

"Yule mwenye duka la fotokopi," akasema.

Hapo nikaelewa. Mama wa duka alikuwa dada wa baba yake msichana. Kwa hiyo mtoto niliyemsimulia, aliyeachiwa mkono majini, alikuwa mtoto wa kaka yake. Shangazi huyo alikuwa amemlilia na kumfanyia matanga bila mwili. Mimi nilimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, chini ya feni yake, nikamweleza alivyokufa ili nishinde mjadala.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Sikutaja jina."

"Mitumbwi iliyogonga kisiki asubuhi ile ilikuwa mingapi?" akauliza. Hakupandisha sauti. "Mwaka mzima mimi nimeishi na mtoto huyu nyumba moja. Nimemwogesha, nimempikia. Sikujua. Wewe ulijua, na muuguzi wa Bangale akajua, na wifi yangu akajua. Mimi nikawa wa mwisho."

Akaikaza leso yake.

"Nimekuja kumchukua," akasema.

Tulikwenda pamoja mpaka mlango wa darasa. Nilimwita mtoto kwa jina, akaja na vitabu vyake kifuani. Alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi, na nikaona anaelewa kabla hajaambiwa. Hakulia. Alisema, "Kwaheri, mwalimu," kama siku zote. Walivuka uwanja bila kushikana, mama mbele, mtoto nyuma. Nikarudi ndani kufundisha hesabu za sehemu.

Jumamosi nilikwenda dukani. Nilitaka kuomba msamaha. Mama wa duka alikuwa akichapa fomu za watu watatu waliopanga foleni. Nilingoja wakaisha.

"Dada, sikujua," nikamwambia.

"Najua hukujua." Alikuwa akipanga karatasi, akizigonga mezani ziwe sawa. "Mimi ndiye niliyekwenda kumuuliza mamake. Nilidhani anajua. Nilidhani nakwenda kuwapa pole." Akazigonga tena. "Leo hatusomi, mwalimu."

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa. Haukufunguliwa tena kwa ajili yangu. Haikuwa kwamba alinifukuza. Nilipohitaji kuchapa kitu alinichapia, akaniambia idadi ya kurasa. Lakini hatukusoma. Daktari naye wiki hiyo hiyo alipata uhamisho aliokuwa ameuomba siku nyingi, akarudi Bangale karibu na wazazi wake. Aliniandikia ujumbe wa kuaga akiwa tayari njiani. Zilikuwa zimebaki wiki tano kabla ya mtihani.

*

Nilisoma peke yangu kibarazani. Joto la mwezi ule lilikuwa lile linalofanya karatasi inate kwenye mkono. Upande wa pili wa ua mbuzi walikuwa wakitafuna maganda ya mathenge, ile miti ya miiba, na zaidi ya hapo hakukuwa na sauti mpaka adhana au gari la barabara kuu. Nilijaribu kufanya kama daktari alivyotufundisha, kushika upande huu kisha upande ule. Nilisema kwa sauti, nikajijibu kwa sauti. Siku moja mke wa mwalimu mwenzangu akachungulia juu ya ua akauliza kama nina mgeni. Nikamwambia nasoma. Tangu hapo nikabishana kimyakimya, na mjadala wa kimyakimya haukubishii. Ukichoka unaupa upande wowote ushindi, unakwenda kuchemsha chai.

Nilirudia upendeleo wa kijinsia na wa kiutamaduni, namna wataalamu walivyopima watu wa kwao wakadhani wamepima binadamu. Nikarudia kama mtu asomwe mmoja kwa undani, au wasomwe wengi ipatikane kanuni. Kwa kukwepa tu, hiari na shuruti niliiacha mwisho, lakini mwishoni mwa maandishi palikuwa na sura nyingine ambayo hatukuwahi kuifikia pamoja: maadili, na tafiti zinazogusa watu wanaoweza kuumia. Niliisoma Jumapili moja asubuhi. Mwandishi alieleza kwa maneno makavu kwamba kuondoa jina hakumfichi mtu iwapo mambo mengine yanamtambulisha, hasa katika jamii ndogo. Akaeleza kwamba anayetoa siri hupaswa kujua itatumiwaje. Akaeleza kwamba mtoto hulindwa zaidi ya mtu mzima. Ilikuwa mistari michache, na pembeni palikuwa na nafasi ya kuandika maelezo. Sikuandika kitu.

Nilifikiri: laiti wangeiweka sura hii mwanzo. Halafu nikaona ninachokifanya. Nilikuwa nimehamia upande wa daktari. Nilikuwa natafuta chanzo nyuma ya chanzo, mpangilio wa kitabu, ubishi wa Jumamosi, kifo cha mume wangu, miaka mitano ya kula peke yangu, ili nifike mahali ambapo si mimi niliyefungua mdomo. Mtahini yeyote angelikubali jibu hilo. Mimi sikulikubali. Nilikumbuka vizuri nukta ile kabla ya kusema "nitawapa jambo la kweli." Kulikuwa na nafasi. Ilikuwa fupi, lakini ilikuwapo, na ndani yake nilisikia sauti ya mtoto ikisema usimwambie mama, nikajijibu kwamba hawa si mama yake.

Nilimpigia daktari. Mtandao wa Bangale ulikuwa wa kubahatisha, na nilijaribu mara nyingi mpaka akapatikana. Nikamweleza yote, wifi, mama, mtoto kuondolewa shule. 

"Na mimi nilikuwapo," akasema. "Nilifurahia mazungumzo yale. Nimeyasimulia hata huku."

"Usiyasimulie tena, daktari."

"Siwezi tena." Kisha akauliza, "Umekwenda kwa mamake?"

"Nikaseme nini?"

"Sijui. Lakini nenda."

Nikataka kumuuliza kama yeye angekwenda. Simu ikakatika, na nilipopiga tena haikupatikana.

*

Nilikwenda Chara, ambako mama alikuwa amerudi na mtoto, Jumapili iliyofuata. Niliuliza nikaelekezwa shambani. Nilishuka bodaboda pale njia inapoishia kwenye tope, nikavua viatu, nikafuata ukingo mpaka nikamwona. Alikuwa akipalilia mahindi machanga kwenye udongo ambao mto ulikuwa umeuacha. Alinitambua kutoka mbali. Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari, akainuka.

"Umekuja, mwalimu."

"Nimekuja, mama. Nimekuja kusema nilikosa. Si kwamba nilikosea. Nilikosa. Mtoto aliniamini, nikalitoa neno lake nikalifanya somo."

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anangoja niongeze "lakini." Sikuongeza.

"Begi lile," akasema, "lilikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote. Na kitambulisho changu, na cha baba yao. Maji yalipoingia mimi ndiye niliyevitia humo. Nikamvisha binti yangu kamba ya begi mkononi nikamwambia, begi hili usiliachie, hata iweje usiliachie." Aliufuta uso kwa mgongo wa mkono. "Juu ya mdogo wake sikumwambia kitu. Nilijua atamshika. Nani humwambia mtoto amshike mdogo wake?"

Ndege walikuwa wametua nyuma yake kwenye udongo aliougeuza. Hakuwafukuza.

"Mwaka mzima nimekaa na neno hilo," akasema. "Nilidhani yeye hajui. Nilidhani nikinyamaza, hatakumbuka kwamba nilimwambia. Na yeye kanyamaza nisijue kwamba alinitii."

"Umemwambia?"

"Siku ile ile niliyomtoa kwako. Njiani, kabla hatujafika nyumbani. Nilimwambia, ni mimi." Akashika jembe lake. "Alikaa chini barabarani. Akalia mpaka watu wakasimama kutazama. Nikakaa naye."

Nilidhani, kwa sekunde moja, kwamba atasema afadhali ilivyotokea. Nakiri kwamba nililitamani neno hilo. Labda aliliona usoni mwangu.

"Usifikiri nakushukuru," akasema. "Hili lilikuwa letu. Huenda lingetoka, huenda lisingetoka, lakini lingekuwa letu. Wewe ulilipeleka kwa watu wakaligeuzageuza. Wifi yangu hanitazami machoni mpaka leo. Baba yao hajui la kumwambia mtoto."

"Ndiyo, mama."

"Basi."

Alinipeleka mpaka nyumbani kwa mama yake mzazi, kwa sababu huwezi kumwacha mgeni akaondoka shambani na kiu. Nilipewa maji kwenye kikombe cha bati, nikayanywa nimesimama. Upande wa nyuma ya nyumba nilimwona mtoto, kainama juu ya karai akiosha vyombo na msichana mwingine. Walikuwa wakizungumza. Sikusikia wanasema nini. Nilikuwa sijawahi kumwona akizungumza na mtoto mwenzake.

"Usimsalimie leo," mama yake akasema.

Nikarudisha kikombe, nikashukuru, nikaifuata njia niliyojia.

*

Kituo cha mtihani kilikuwa Malindi. Ukumbi ulikuwa mkubwa, watu wengi kuliko nilivyotarajia, wengine wamekuja na wenzao, wanaulizana maswali ya mwisho mlangoni. Nilimtafuta mama wa duka kwa macho, nikamwona safu ya mbele. Alinitikisia kichwa. Kiti cha daktari kilikuwa kitupu. Baadaye niliambiwa kwamba mvua ilikuwa imeikata barabara ya kule juu na magari hayakutoka siku mbili.

Swali la pili lilitaka tujadili hiari na shuruti katika kueleza tabia ya binadamu, tukitumia mfano. Nilikaa na kalamu mkononi muda wa kutosha kumfanya msimamizi anitazame. Nilikuwa na mfano ambao hakuna aliyekuwa nao mle ukumbini, na sasa nilijua pande zake zote mbili, na upande wa tatu ambao vitabu havikuutaja, kwamba mkono wa mtoto unaweza kuwa unatii. Hakuna aliyenijua pale. Mtahini angekuwa mtu wa mbali, asiyejua hata Chara iko wapi.

Niliandika mfano wa mtu anayejaribu kuacha sigara. Uko katika kila kitabu. Niliuandika kwa mpangilio, hoja hii, pingamizi hili, na hitimisho kwamba wataalamu wengi hushika njia ya katikati. Lilikuwa jibu kavu, nami nilijua ni kavu.

Tulipotoka nilimngojea mama wa duka chini ya ngazi. Alikuja akikunja kitambaa chake cha jasho.

"Swali la pili umeandika nini?" akauliza.

"Sigara."

Alinitazama. "Mimi nililiacha," akasema. "Nilijibu la nne."

Tulipanda gari moja kurudi Garsen, tukakaa viti vya mbali.

Matokeo yalitoka baada ya miezi miwili. Nilifaulu, alama za wastani. Binti yangu alinitumia picha ya maua na neno "hongera mama." Niliongeza mchele kidogo kwenye sufuria siku hiyo, kisha nikashindwa kuumaliza. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu kumwomba ampe mtu mwingine kazi ya ushauri. Nilimweleza sababu, bila kumtaja mtoto. Akasikiliza, akasema anaelewa, akasema hana mtu mwingine. Kwa hiyo ufunguo wa stoo bado ninao. Mtoto akija simwahidi haraka kama zamani. Humwambia kwanza yale nitakayolazimika kuyasema kwa wakubwa, na yale yatakayobaki pale. Baadhi yao wakisikia hivyo huondoka, nami huwaacha waondoke.

Muhula mpya ulipoanza nilikwenda kuchapa maandishi ya somo la mbinu za utafiti. Mama wa duka alikuwa peke yake. Mashine ilikuwa inatoa karatasi moja moja, na yeye alisimama ameipa mgongo, akitazama barabara.

"Amerudishwa shule," akasema, bila kugeuka. "Huko huko Chara. Jumapili iliyopita alisoma somo kanisani."

"Alisoma kwa sauti?"

"Kwa sauti. Alikosea neno moja, akalirudia."

Nilitaka kuuliza mengi. Alisoma somo gani, nani alimchagua, mama yake alikuwa amekaa wapi. Mashine ikamaliza. Akazikusanya karatasi zingali na moto, akazigonga mezani zikawa sawa, akanipa.

"Kurasa thelathini na sita," akasema.

Nikazipokea kwa mikono miwili, nikatoka kwenda kutafuta gari la Minjila.